Florence Nightingale: muuguzi aliyewahesabu wafu wake

Mwanafunzi anayeanza masomo ya uuguzi mjini Ibra, Sur au Nizwa, nchini Oman, hukutana na jina la Florence Nightingale mapema, pengine hata kabla hajashika kipimajoto kwa mara ya kwanza. Ni jina la Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1910, ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Uarabuni ya Kusini wala pwani ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maneno atakayojifunza mwanafunzi huyo katika mwaka wake wa kwanza yana historia inayopitia katika maisha ya mwanamke huyu. Kuna uangalizi wa mgonjwa, usafi wa mazingira, kinga dhidi ya maambukizi, kumbukumbu za maandishi na makabidhiano ya zamu. Baadhi ya maneno hayo yalilipiwa kwa maisha ya maelfu ya watu.

Maneno matatu, lugha tatu

Ibra na Sur zimo katika eneo la Ash Sharqiyah, ambalo tangu mwaka 2011 limegawanywa kuwa mikoa miwili, Kaskazini na Kusini. Nizwa ni mji mkuu wa Ad Dakhiliyah, yaani eneo la ndani. Ni sehemu ambazo watu wake walisafiri kwa karne nyingi kwenda Zanzibar, Pemba, Mombasa na bara, na ambako familia nyingi zilirejea baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo.

Kwa hiyo si ajabu kumkuta huko mwanafunzi anayefundishwa uuguzi kwa Kiingereza, anayezungumza na mgonjwa kwa Kiarabu, na ambaye akirudi nyumbani bibi yake humwuliza kwa Kiswahili jinsi siku ilivyokwenda. Kila moja kati ya lugha hizo ina namna yake ya kuiita kazi yake.

Neno la Kiingereza limetokana na kulisha na kunyonyesha. La Kiarabu, tamridh, lina mzizi mmoja na neno maradhi, ambalo Kiswahili pia kimelichukua. Nalo la Kiswahili, kuuguza, limetokana na kuugua kwa kuongezewa herufi moja tu.

Hapo pana jambo la kutazamwa. Katika Kiswahili nyongeza ya namna hiyo kwa kawaida hubeba maana ya kusababisha: kukua huwa kukuza, kupungua huwa kupunguza. Kwa kanuni hiyo kuuguza kungeweza kumaanisha kumfanya mtu augue. Mswahili hakusudii hivyo. Kwake kuuguza ni kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza na kukesha naye. Lakini maana ile nyingine haiko mbali, na kila hospitali duniani inaijua. Maisha ya Bi Nightingale yanaweza kusomwa kama safari kati ya maana hizo mbili.

Binti wa nyumba kubwa

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, ambako wazazi wake matajiri walikuwa safarini, na akapewa jina la mji huo. Baba yake, William, alimfundisha yeye na dada yake Parthenope lugha za kale, historia na falsafa. Florence alipenda zaidi hesabu, jambo ambalo halikutarajiwa kwa msichana wa tabaka lake.

Akiwa na umri wa miaka 16 aliamini kwamba Mungu amemwita amtumikie. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kwamba wito huo ulikuwa wa kuhudumia wagonjwa, na alipowaeleza wazazi wake walishtuka. Hospitali za Uingereza za wakati ule zilikuwa mahali pa maskini wasio na pa kwenda. Wenye uwezo waliuguzwa majumbani mwao, na wanawake waliofanya kazi wodini walisifika kwa ulevi zaidi ya ujuzi, hata kama si wote walistahili sifa hiyo mbaya.

Alikataa posa ya mwanasiasa na mshairi Richard Monckton Milnes mwaka 1849, na hakuolewa maisha yake yote. Mwaka 1851 aliruhusiwa hatimaye kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, ambako mchungaji Theodor Fliedner aliendesha hospitali na mafunzo kwa wanawake. Alikaa huko kwa takriban miezi mitatu. Mwaka 1853 alikabidhiwa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake katika mtaa wa Harley, London.

Scutari

Mwaka huohuo vita vilizuka kati ya Urusi na Dola ya Uturuki, na mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikajiunga upande wa Waturuki. Mapigano makubwa yalikuwa katika rasi ya Crimea, kwenye Bahari Nyeusi. Majeruhi wa Kiingereza walisafirishwa kwa meli hadi Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, na kulazwa katika kambi kubwa ya jeshi la Kituruki iliyogeuzwa hospitali.

Gazeti la The Times la London liliandika jinsi wanajeshi walivyolala bila bandeji wala wahudumu, na umma ukaghadhibika. Sidney Herbert, waziri aliyesimamia fedha za jeshi na rafiki wa familia ya Nightingale, alimwomba Florence aende. Aliondoka London Oktoba 1854 akiwa na wanawake 38, na wakawasili Scutari tarehe 4 Novemba, siku moja kabla ya mapigano ya Inkerman yaliyoleta wimbi jipya la majeruhi.

Walichokikuta kilizidi habari za magazeti. Wagonjwa walilala sakafuni katika ukumbi wenye urefu wa mamia ya mita. Hapakuwa na mashuka ya kutosha, wala sabuni, wala vyombo vya kulia. Bi Nightingale alinunua vitu kwa fedha zilizochangwa na wananchi, akapanga ufuaji wa nguo na upishi wa chakula cha wagonjwa, na usiku akapita kati ya vitanda akiwa na taa mkononi. Taa hiyo ndiyo iliyomfanya maarufu. Wachoraji waliichora vibaya, kwani ilikuwa fanusi ya Kituruki ya kukunjwa.

Lakini taa haikupunguza vifo. Katika majira yale ya baridi vifo viliongezeka, hadi kufikia mwezi Februari 1855 karibu wagonjwa 42 kati ya kila 100 walikuwa wakifa. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo na homa ya chawa.

Mwezi Machi serikali ya Uingereza ilituma tume ya afya iliyoongozwa na daktari John Sutherland akiwa pamoja na mhandisi Robert Rawlinson. Tume iligundua kwamba jengo lilisimama juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba, na kwamba hewa chafu haikuwa na pa kutokea. Mifereji ilizibuliwa, takataka na mizoga ikaondolewa, kuta zikapakwa chokaa, madirisha yakafunguliwa. Kufikia mwezi Juni vifo vilishuka hadi takriban 2 kati ya kila 100.

Miongoni mwa waliofanya kazi katika vita hivyo alikuwamo pia Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaica, aliyekataliwa alipoomba kujiunga na wauguzi wa serikali. Alikwenda Crimea kwa gharama zake, akafungua nyumba ya kulisha na kutibu wanajeshi karibu na Balaklava. Sifa zake zilififia kwa karibu karne nzima kabla ya kufufuliwa.

Hesabu iliyomgeuza

Mwaka 1856 haukosi maana kwa msomaji wa Oman na Zanzibar. Ndio mwaka ambao Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini akitoka Oman kurudi Zanzibar, na milki yake baadaye ikagawanyika. Mwezi Agosti mwaka huohuo Bi Nightingale alirudi Uingereza akitumia jina la bandia, Bi Smith, ili kukwepa mapokezi ya kishujaa. Afya yake ilikuwa imeharibika.

Alikuwa ameugua vibaya mjini Balaklava Mei 1855, na wataalamu wengi wa baadaye wanadhani homa ile ilikuwa bruselosisi, ugonjwa unaopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kugusana na mifugo. Wafugaji wa Oman, hasa wa Dhofar, wanaufahamu ugonjwa huo. Kwake uliacha maumivu na udhaifu wa miaka mingi, na kazi zake nyingi baada ya hapo alizifanya akiwa kitandani.

Wakati wa vita, Bi Nightingale alikuwa akilaumu zaidi uhaba wa vifaa na hali mbaya ya wanajeshi walipoletwa. Aliporudi alishirikiana na mtaalamu wa takwimu, William Farr, kupitia kumbukumbu za jeshi, ili kuandaa ushahidi kwa tume ya kifalme iliyoundwa mwaka 1857. Kwa maelezo ya baadhi ya wanahistoria, hapo ndipo alipotambua kwa uchungu kwamba hospitali yenyewe, aliyoihudumia kwa moyo wote, ndiyo iliyokuwa ikiua.

Angeweza kunyamaza, kwa kuwa taifa zima lilikuwa likimsifu. Badala yake alizichora takwimu hizo katika umbo la duara lililogawanywa vipande 12, kila kipande mwezi mmoja. Rangi ya buluu ilionyesha waliokufa kwa maradhi yanayozuilika, nyekundu waliokufa kwa majeraha, na nyeusi sababu nyingine. Hata asiyejua hesabu aliona jinsi buluu ilivyoimeza nyekundu. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa jumuiya ya wanatakwimu wa Uingereza.

Kitabu na msamiati wake

Mwishoni mwa mwaka 1859 alichapisha kitabu kidogo kuhusu uuguzi, ambacho hakikuandikwa kwa ajili ya wataalamu bali kwa mwanamke yeyote mwenye mgonjwa nyumbani. Humo alitaja mambo matano yanayoifanya nyumba iwe na afya: hewa safi, maji safi, mifereji mizuri, usafi na mwanga. Leo mwanafunzi huyasoma chini ya neno moja, mazingira ya mgonjwa.

Mwanafunzi wa Nizwa ana mfano wa jambo hilo karibu naye. Mifereji ya kale ya Oman iitwayo aflaj, mmojawapo ukiwa Falaj Daris wa Nizwa ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ina utaratibu wake: maji ya kunywa huchotwa kwanza, pale yanapochomoza, kisha hufuata matumizi ya kuoga na kufua, na mwisho mashamba. Wazee waliopanga hivyo hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba kilicho safi hutenganishwa na kilicho kichafu. Scutari kanuni hiyo ilivunjwa.

Neno la pili ni uangalizi. Bi Nightingale alisisitiza kwamba muuguzi asiyejua kutazama hafai kazi hiyo, hata awe na huruma kiasi gani. Leo mwanafunzi hufundishwa kutofautisha dalili, yaani kile mgonjwa anachokisema mwenyewe, kama maumivu au kichefuchefu, na ishara, yaani kile muuguzi anachoweza kukiona au kukipima. Ishara muhimu za uhai ni joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Huandikwa kwa saa maalumu, kwa sababu namba moja pekee husema kidogo; namba 10 zilizopangwa husimulia kama mgonjwa anapanda au anashuka.

La tatu ni usafi wa mikono. Aliwataka wauguzi wanawe mara nyingi kwa siku, ingawa kwa muda mrefu aliamini kwamba maradhi hutokana na hewa chafu, na alichelewa kuikubali hoja ya vijidudu. Huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1847 kwamba kunawa mikono kulipunguza vifo vya wazazi, naye akapuuzwa.

La nne ni mwendelezo wa huduma. Bi Nightingale aliuliza swali jepesi: kazi hii itafanywa na nani wakati mimi sipo? Leo jibu lake huitwa makabidhiano ya zamu, na hospitali nyingi huyahesabu kuwa dakika za hatari kuliko nyingine. Dawa iliyotolewa bila kuandikwa huweza kutolewa tena.

Kuna pia sura ambayo msomaji wetu ataitambua bila tabu. Bi Nightingale aliwalalamikia wageni wanaokaa kitandani pa mgonjwa na kumwahidi kwamba atapona kesho, au kunong'ona mlangoni huku mgonjwa akijitahidi kusikia. Kwetu kumtazama mgonjwa ni wajibu, na asiyekwenda hulaumiwa. Muuguzi wa Ibra au wa Mombasa hawezi kuufuta wajibu huo. Hujifunza kuupangia saa.

Kipindupindu kwenye njia ya majahazi

Mafundisho hayo hayakuwa ya Ulaya peke yake. Katika miaka ileile kipindupindu kilifuata njia za biashara kati ya Uhindi, Uarabuni na pwani ya Afrika. Mwaka 1859 kilimuua Bibi Jilfidan, mama yake Sayyida Salme binti Said, kama binti huyo alivyokuja kusimulia katika kumbukumbu zake. Mlipuko mkubwa zaidi ulifika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1869, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichofuatilia ugonjwa huo katika njia za misafara na vyombo vya baharini. Sur, mji wa waunda majahazi, ulikuwa katika mtandao huohuo wa safari.

Shule, na makosa yake

Wakati wa vita wananchi walichanga fedha za kumuenzi, na kwa fedha hizo shule ya uuguzi ilifunguliwa Julai 1860 katika hospitali ya St Thomas, London, ikiwa na wanafunzi 15. Wahitimu walitumwa mbali. Lucy Osburn aliwasili Sydney, Australia, mwaka 1868. Kazi ambayo wazazi wa Florence waliiona aibu ilianza kuwa taaluma yenye mtaala, ngazi na mshahara.

Hakuwa bila kasoro. Aliandika mengi kuhusu afya nchini Uhindi bila kufika huko. Alipinga kwa nguvu pendekezo la kuwasajili wauguzi kisheria baada ya mtihani, akihofu kwamba karatasi ingethaminiwa kuliko tabia. Historia haikumfuata: usajili ulipitishwa Uingereza mwaka 1919, na leo hakuna mahali pa maana ambapo muuguzi hufanya kazi bila leseni.

Wala hakuwa wa kwanza. Waislamu humkumbuka Rufaida al-Aslamia, ambaye katika karne ya 7 aliwahudumia majeruhi katika hema lake huko Madina. Alichoongeza Bi Nightingale ni hesabu, shule na ukaidi wa kuiandama serikali hadi isikilize.

Kutoka Matrah hadi Ibra

Nchini Oman, kabla ya mwaka 1970 tiba ya kisasa ilipatikana zaidi Maskati na Matrah, katika hospitali za misheni ya Kimarekani. Mgonjwa wa Ash Sharqiyah alisafirishwa kwa siku kadhaa, au aliuguzwa nyumbani na wanawake wa ukoo wake. Hospitali zilipojengwa mikoani, zilitegemea sana wauguzi kutoka nje, wengi wakiwa Wahindi na Wafilipino.

Kuanzia miaka ya 1990 wizara ya afya ilifungua vyuo vya uuguzi mikoani, vikiwemo vya Ibra, Sur na Nizwa, ili msichana au mvulana asilazimike kuhama nyumbani kusomea kazi hiyo. Mwaka 2018 vyuo hivyo viliunganishwa chini ya Chuo cha Sayansi za Afya cha Oman. Baadhi ya familia zilisita kumruhusu binti kufanya kazi ya usiku na kuwahudumia wanaume wasio ndugu, kama ilivyosita familia ya Nightingale. Hoja iliyowashawishi wengi ilikuwa kwamba mzee anayeumwa hupata nafuu zaidi kwa muuguzi anayeielewa lugha yake, na katika nyumba kadhaa za Ibra lugha hiyo ni Kiswahili.

Florence Nightingale alifariki usingizini tarehe 13 Agosti 1910 akiwa na umri wa miaka 90, akiwa amepoteza uwezo wa kuona. Miaka mitatu kabla alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Order of Merit. Familia yake ilikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa taifa. Alizikwa kijijini East Wellow, kusini mwa Uingereza, na kwenye kaburi ziliandikwa herufi za mwanzo za jina lake na tarehe zake tu.

Siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ni Siku ya Wauguzi Duniani. Mwaka 2020, alipotimiza miaka 200, dunia ilikuwa katika janga la korona, na hospitali za dharura za Uingereza zilipewa jina lake. Katika miezi ile watu wa kila nchi walirudi kwenye mambo yaliyomo katika kitabu chake: kunawa mikono, kufungua madirisha, kuhesabu wagonjwa na kuhesabu wafu bila kuficha.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pengine ataona kazi ya kujaza chati ya joto na mapigo ya moyo kuwa ya kuchosha. Lakini Scutari kulikuwa na huruma, kulikuwa na taa na kulikuwa na watu waliokesha. Kilichokosekana, hadi miezi ya mwisho ya baridi ile, ni mtu wa kulinganisha idadi ya wanaoingia na idadi ya wanaobebwa kwenda makaburini, na kuuliza kuna nini chini ya sakafu.